Uzi Uliopima Shaba

Sisi wa Kolwezi twaijua shaba kwa tani na kwa malori. Maandiko yaliipima kwa uzi.

Kwa Kiebrania uzi ni khut, kitu kidogo mno: Abramu alimwambia mfalme wa Sodoma kwamba hatatwaa chochote chake, hata uzi au gidamu ya kiatu (Mwa 14,23). Lakini katika 1 Fal 7,15 khut ni kipimo. Fundi Hiramu wa Tiro alisubu nguzo mbili za shaba za Hekalu, urefu dhiraa 18, na uzi wa dhiraa 12 ukazunguka nguzo.

Uzi huo warudi katika Yer 52,21, dhiraa zilezile 12, baada ya Wababeli kuzivunja nguzo na kuichukua shaba yote kwenda kwao, mnamo 587 kabla ya Kristo. Kwa nini kuandika kipimo cha kitu kilichokwisha kuondoka? Twadhani ni ili watoto wa uhamishoni wajue kilichotwaliwa kilikuwa kikubwa kiasi gani.

Nasi tunaopishana na malori yaelekeayo Kasumbalesa, nani kati yetu ameandika yamebeba kiasi gani?