Muhogo na Magugu katika Njia ya Tabora

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora mpaka Ujiji, ilipitisha bidhaa nyingi katika karne ya 19. Kwa kuwa muhogo ni mmea wa kigeni, ulioletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika, mtu aweza kudhani kwamba ugonjwa wake wa batobato nao ulisafiri hivyo hivyo hadi Unyamwezi. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli. Muhogo hupandwa kwa pingili, na pingili iliyougua huchukua ugonjwa popote ipelekwapo.

Batobato ilielezwa kwa mara ya kwanza na Warburg mwaka 1894, katika Usambara. Mwaka 1938 Storey na Nichols, wa kituo cha utafiti cha Amani, walieleza jinsi nzi weupe waenezavyo ugonjwa huo. Hata hivyo, virusi vyake havikuonekana katika muhogo wa Amerika. Basi yaelekea kwamba mgeni hakuja na maradhi, bali aliyakuta katika mimea ya porini ya Afrika.

Ndiyo sababu wataalamu waliyachunguza magugu. Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba virusi hivyo vimeonekana, huko Nigeria, katika mwingajini na mbarika. Ushahidi huo hautoshi kuamua asili, maana nzi aweza kuvitoa muhogoni na kuvipeleka kwenye magugu. Lakini wamwonya mkulima wa Tabora: pingili safi ni mwanzo tu wa kinga, ikiwa nzi waruka kutoka shamba la jirani, au hata kutoka magugu ya kando ya njia.