Rubisco: Protini inayolisha dunia lakini haiwezi kujiunda

YEYOTE anayekula sukumawiki, kunde au mnavu hula, pengine bila kujua, protini inayodhaniwa kuwa nyingi kuliko zote duniani. Jina lake ni Rubisco. Katika majani ya mimea mingi, hadi nusu ya protini zote zinazoyeyuka majini ni hiyo moja tu.

Jina lenyewe lilizaliwa kwa mzaha. Mnamo 1979, katika hafla ya kumuaga mwanasayansi Mmarekani Sam Wildman aliyekuwa akistaafu, mwenzake David Eisenberg alilifupisha jina refu la kikemia likasikika kama la kampuni ya biskuti. Wildman, aliyeitambua protini hiyo katika miaka ya 1940, alikuwa amejaribu kuitoa katika majani ya tumbaku ili watu waile.

Katika usanisinuru, protini nyingine ndizo zinazonasa nguvu za jua. Rubisco hushika hewa ya kaboni dayoksaidi na kuiunganisha na sukari iliyomo jani, hatua ambayo kwayo hewa huanza kugeuka chakula. Hata hivyo, ni mtumishi mzembe. Hushughulikia takriban chembe tatu za kaboni dayoksaidi kwa sekunde, ilhali vimeng'enya vingine hutekeleza kazi maelfu kwa muda uo huo. Fauka ya hayo, hukosea: karibu mara moja katika kila nne hushika oksijeni badala ya kaboni, na joto likizidi makosa huongezeka. Mahindi, miwa na mtama hupunguza hasara hiyo kwa kuirundika kaboni dayoksaidi karibu na Rubisco. Ngano, mchele, maharagwe na viazi haviwezi. Njia yao pekee ni kutengeneza Rubisco kwa wingi, na kwa hilo huhitaji nitrojeni, ile ile ambayo mkulima huinunua kwa gunia la mbolea.

Je, mbona wataalamu wasiirekebishe? Jibu limo katika umbo lake. Rubisco ya mimea ina vipande 16, vikubwa vinane na vidogo vinane. Maagizo ya kutengeneza kipande kikubwa yamo katika jeni za kloroplasti, kile kijumba cha kijani ndani ya seli. Ya kipande kidogo yamo katika kiini cha seli. Hutengenezwa nje ya kloroplasti kikiwa na mkia unaokiruhusu kupita mlangoni, na kikishaingia mkia hukatwa. Vipande vikubwa huungana viwili viwili, na mahali pa kufanyia kazi hupatikana pale vinapokutana. Kimoja peke yake hakifai kitu.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba protini hujikunja zenyewe hadi zikapata umbo linalostahili. Christian Anfinsen alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1972 kwa kuonyesha hivyo. Lakini mnamo 1980, Roger Barraclough na John Ellis wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walipochunguza kloroplasti za minji, waliona kwamba kipande kikubwa kikitengenezwa hushikwa kwanza na protini nyingine kubwa. Baadaye ilibainika kuwa protini hiyo ina umbo la pipa: humeza kipande kichanga na kukipa faragha ya kujikunja pasipo kugandamana na vingine. Waingereza waliziita protini za aina hiyo kwa jina la mama mtu mzima aliyefuatana na wasichana ili wasipotoke. Nasi tunalo neno: kungwi.

Kungwi hao si wa kila mtu. Baadhi ya mwani mwekundu wana Rubisco inayokosea mara chache zaidi, nayo ilitamaniwa sana. Watafiti wa Canberra, Australia, waliripoti mwaka wa 2001 kwamba walitia jeni zake katika tumbaku. Vipande vilitengenezwa kwa wingi, lakini vikagandamana ovyo bila kufanya kazi. Kungwi wa tumbaku hawakuwafaa wageni hao.

Ufumbuzi ulitoka Ujerumani mnamo 2017, pale kikundi cha Manajit Hayer-Hartl, katika Taasisi ya Max Planck karibu na Munich, kilipofaulu kuiunda Rubisco ya mmea ndani ya bakteria kwa kuwapa bakteria hao kungwi wa mmea pia. Mmoja wao, BSD2, alikuwa ametambuliwa kwanza katika miche ya mahindi yenye rangi iliyofifia, isiyoweza kukusanya Rubisco. Ndiye anayevishikilia vipande vikubwa vinane hadi vidogo vifike na kuchukua nafasi yake.

Tangu hapo, Rubisco iliyobadilishwa inaweza kujaribiwa katika bakteria kwa siku chache bila kungoja mmea ukue. Kuifikisha shambani ni jambo jingine. Jeni ya kipande kikubwa sharti iingizwe katika kloroplasti yenyewe, kazi iliyozoeleka katika tumbaku lakini ambayo ni ngumu mno katika ngano na nafaka nyinginezo.