Kimelea Kifubavu, Si Chanjo Dhaifu

Kipeperushi nilichopewa Katesh, Hanang, kinasema homa ya mapafu ya ng'ombe huzuiwa kwa "chanjo dhaifu". Waliokaa vikao hadi wakatoka na jina hilo hawakusimama joshoni siku ya chanjo. Mimi nilisimama. Mzee mmoja wa Kibarabaig, fimbo begani, alimwuliza bwana mifugo: "Mwanangu, kama ni dhaifu, nilipie ya nini?" Akaswaga ng'ombe wake, akaondoka.

Dhaifu ni neno la Kiarabu, na kwetu ni mgonjwa asiyejiweza au hoja isiyo na mashiko. Halijapata kusifu kitu. Louis Pasteur, aliposhughulikia kipindupindu cha kuku mwaka 1880, alitumia neno ambalo wao wamelitafsiri "dhaifu", lenye mzizi wa Kilatini tenuis, yaani -embamba: kitu kilichopunguzwa makali kwa makusudi, si kilichozaliwa goigoi.

Kiswahili kina kufubaa. Kanga ikifubaa, rangi imekwenda lakini kitambaa ni kilekile. Kliniki zetu zimekwisha kuzoea dawa za kufubaza VVU. Nyamaa imezaa -nyamavu, kakamaa imezaa -kakamavu. Basi fubaa izae -fubavu. Mwanakamati mmoja wa vikao vile alinijibu kwamba linafanana na "mpumbavu". Limefanana kwa kuwa limefuata kanuni ileile, na anayeikimbia kanuni kwa kuogopa mlio wa neno asijiite mwanaistilahi. Tena kivumishi hiki kishike kimelea cha ugonjwa, kisiguse chanjo. Kilichofubaa ni kimelea. Chanjo ina nguvu zake.

Ushahidi uko nyumbani. Mbegu ya chanjo ya homa hii, iitwayo T1/44, ilipatikana Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikapitishwa kwenye mayai yenye viinitete mara 44. Hiyo 44 ndiyo hesabu ya kufubaza. Kinga yake hudumu kama mwaka mmoja; chanjo yenyewe huharibika isipokaa kwenye baridi, na pengine huvimbisha palipochomwa. Ndiyo maana watafiti, wakiwamo wa taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI, Nairobi, wanatafuta chanjo ya vipande vya protini, isiyo na kimelea hai. Ikifika joshoni, mfugaji atahitaji majina mawili yasiyochanganyika.

Kwenye kipeperushi iandikwe: "Chanjo ya kimelea kifubavu, kila mwaka."

Homa hii ilitokomezwa nchini mwaka 1964, ikarudi 1990 kupitia kaskazini. Hadi naandika haya, ng'ombe wa yule mzee hawajachanjwa.