Saa ya Nani Inatawala Kompyuta Zetu?

Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za Serikali kuvurugika, dola ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyekabidhiwa chombo asichoweza kukirekebisha: anakipokea kilivyo au anakikataa. Marufuku ililegezwa baadaye, lakini tabia ile ya kupokea vitu vilivyo bado tunayo.

Ndugu msomaji, naomba tuitazame tabia hiyo kupitia kitu kidogo mno: alama inayotokea kwenye skrini kabla mtumiaji hajaandika amri. Programu inayopokea amri hizo huitwa sheli. Katika sheli ya Ken Thompson, katika maabara za Bell nchini Marekani, alama hiyo ilikuwa %. Sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, ilitumia $ kwa mtumiaji wa kawaida na # kwa msimamizi mkuu, mwenye uwezo hata wa kufuta kila kitu. Alama hiyo, basi, humweleza mtu kiwango cha madaraka yake.

Lakini Bourne aliihifadhi katika nafasi iitwayo PS1, ambayo mtumiaji anaruhusiwa kuiandika upya. Bash, iliyoandikwa na Brian Fox kwa ajili ya mradi wa GNU mwaka 1989, ikaurithi uhuru huo na kuupanua. Mtu anaweza kuweka hapo jina lake, folda aliyomo, tarehe au saa.

Hiyo saa ndiyo yenye mgogoro. Hapa Sakina jua likichomoza tunasema saa kumi na mbili. Kompyuta inasema 06:00. Tangazo la ofisi likisema tu "saa 3:00", mkulima wa Ngaramtoni atafika asubuhi, na kijana anayefuata simu yake atafika alasiri. Wote wawili wamesoma sawasawa. Hata hivyo, mstari mmoja katika faili la .bashrc unatosha kuifundisha mashine hesabu yetu:

PS1='$(TZ=SAA+3 date +%I:%M) \$ '

Katika kanuni hii, alama ya kujumlisha humaanisha magharibi ya Greenwich. Saa iliyo nyuma ya Greenwich kwa saa 3 iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 6 kamili. Kwa hiyo saa 07:00 itaonekana 01:00, yaani saa moja. Neno SAA ni jina tu nililochagua.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Haikuhitajika ruhusa maalumu ya kampuni yoyote, kwa sababu leseni ya programu ile iliruhusu kuibadilisha.

Kwa hiyo, watumishi wa umma mnaosaini mikataba ya mifumo, ulizeni maswali mawili kabla ya bei: tunaruhusiwa kubadilisha nini, na ni nani hapa nchini anayejua kukibadilisha? Yasipojibiwa, mfumo ukivurugika tutarudi palepale pa mwaka 1974.