Elimu ya Makabila katika Vyuo vya Jamii vya California

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea habari za mila zilizoandikwa na mgeni, ambaye aliwauliza wazee, akaandika majibu yao na kuyapanga. Kazi hiyo ni njema, nasi tumo ndani yake. Lakini liko swali ambalo mwandishi wa namna hiyo hupenda kulikwepa: watoto wa wazee wale wakiisha kusoma, je, wataridhika kujisoma katika kitabu cha mgeni, au watataka kushika chaki wenyewe? Huko California, katika nchi ya Marekani, swali hilo liliulizwa kwa nguvu katika vyuo vya watu wa kawaida.

Chuo cha jamii ni chuo cha miaka miwili. Kile cha Joliet, Illinois, kilianza mwaka 1901. Vyuo hivi havichagui wanafunzi. Mfanyakazi wa zamu, mama mwenye watoto, na kijana aliyekosa nafasi katika chuo kikuu, wote huingia. California haikutoza ada ya masomo katika vyuo hivi hata ulipofika mwaka 1984.

Katika chuo cha Oakland kiitwacho leo Merritt, mwanzoni mwa miaka ya 1960, walisoma Huey Newton na Bobby Seale. Walidai historia ya watu weusi ifundishwe ipasavyo. Mwezi wa Oktoba 1966 wakaanzisha chama cha Black Panther, na kwa hiyo watu huwakumbuka kwa bunduki. Twaona ni haki wakumbukwe na kwa daftari pia. Ng'ambo ya ghuba, katika chuo kikubwa cha San Francisco State, wanafunzi weusi, Waasia, wenye asili ya Mexico na wenyeji wa asili waligoma pamoja tangu tarehe 6 Novemba 1968 hata Machi 1969. Mkuu wa chuo, S. I. Hayakawa, mtaalamu wa lugha na mwana wa Wajapani, aliwapinga vikali. Hata hivyo mwaka ule ule wa 1969 kitivo cha elimu ya makabila kikafunguliwa.

Liko na jambo lituhusulo sisi wa Kiswahili. Maulana Karenga alianza masomo katika Los Angeles City College, chuo cha jamii, akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa rais wa wanafunzi pale. Alijifunza Kiswahili, na mwaka 1966 akaanzisha sikukuu ya Kwanzaa, iadhimishwayo tangu 26 Desemba hata 1 Januari. Jina limetoka katika maneno «matunda ya kwanza», ikaongezwa «a» moja ili herufi ziwe saba. Msomaji wa Biblia atasema: mbona neno tunalo, ni malimbuko? Kweli tunalo. Tena wazee wa wengi wa watu wale walichukuliwa kutoka pwani za magharibi, ambako Kiswahili hakikusemwa. Wako wanaocheka kwa hayo, sisi hatucheki. Mtu aliyenyang'anywa hata jina la kabila lake hawezi kurudi katika lugha asiyoijua ni ipi. Basi alichukua lugha ambayo watu wa makabila mengi huisema bila kuwa mali ya kabila moja. Msingi wa pili wa sikukuu ile ni kujichagulia. Kwetu mtu hujichagulia kanga dukani. Kule neno hilo limetwishwa mzigo wa watu wazima kwa watoto.

Mwaka 2020 sheria ya California iliwapasa wanafunzi wa vyuo vikuu vya California State kusoma somo moja la elimu hii, na Julai 2021 baraza la vyuo vya jamii, ambavyo ni 116, likaweka sharti kama hilo kwa kila atakaye shahada ya miaka miwili. Hapa tuna shaka kidogo. Somo lililotafutwa kwa njaa sasa litakaliwa na wengi watakao alama tu, na mwalimu atalijua hilo siku ya kwanza. Lakini sharti hilo pia humketisha mtoto wa mkulima wa Mexico karibu na mtoto wa Mfilipino, kila mmoja akisoma habari za mwenziwe, na waliogoma mwaka 1968 hawakuwa wameomba pungufu ya hayo.