Vidonge vya Wajawazito wa Dar es Salaam

Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Uhusiano kati ya hatari hiyo na chakula cha mama umetafutiwa ushahidi kwa miongo mingi, na ushahidi mzito umetoka Dar es Salaam.

Habari ya vidonge vya wajawazito inaanzia Bombay. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda India kuchunguza upungufu mkali wa damu kwa wajawazito. Mwaka 1931 alieleza jinsi Marmite, chakula kinachotokana na hamira, kilivyowaponya. Kirutubisho kilichohusika kilikuja kuitwa foliki asidi, kutokana na neno la Kilatini la jani. Leo hutolewa kliniki pamoja na madini ya chuma, katika vidonge vya FEFO.

Mwaka 1995 watafiti wa vyuo vya Muhimbili, Dar es Salaam, na Harvard, Marekani, walianza kuwafuatilia wajawazito 1,075 wenye VVU, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa mbali na akina mama hao. Wote walipewa chuma na foliki asidi. Baadhi wakaongezewa vitamini B za aina mbalimbali, C na E. Matokeo ya mwaka 1998 yaliwapa matumaini wengi: kwa walioongezewa, vifo vya watoto tumboni vilipungua kwa asilimia 39, watoto wenye uzito chini ya kilo 2.5 kwa asilimia 44, na uzazi wa kabla ya wiki 34 kwa asilimia 39. Vitamini A haikuleta nafuu hiyo.

Swali likabaki kwa wasio na VVU. Kati ya mwaka 2001 na 2004 walishirikishwa wajawazito 8,468 wa Dar es Salaam wasio na virusi hivyo. Watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8 kwa waliopewa vitamini, dhidi ya 9.4 kwa wasiopewa. Lakini njiti walikuwa asilimia 16.9 dhidi ya 16.7, yaani hapakuwa na tofauti. Tokeo hili lapaswa kujulikana na kila familia. Aliyejifungua mapema huulizwa alikula nini, kana kwamba kosa ni lake, ilhali malaria, maambukizi, shinikizo la damu na mimba ya mapacha navyo huweza kusababisha kujifungua mapema.

Shinikizo hilo la damu ndilo lililoleta vidonge vya kalsiamu kwa wajawazito. Shirika la Afya Duniani hupendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku pale chakula kinapokuwa na kalsiamu kidogo, kiasi kinachohitaji vidonge vingi na gharama kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, wenye wajawazito 11,000 India na 11,000 Tanzania, ulilinganisha gramu 1.5 na nusu gramu. Katika kuzuia hali ya shinikizo la damu inayotangulia kifafa cha mimba, dozi ndogo haikuzidiwa katika nchi zote mbili. Kwa uzazi wa njiti, hilo lilithibitika India; Tanzania halikuthibitika.