Kaakaa Lisilolala: Pembetatu Iliyochorwa Paris

Mmulike mgonjwa kinywani kwa tochi, umwombe atulie, asiseme wala asimeze. Kwa karibu kila mtu kaakaa laini, ile nyama ya nyuma inakoning'inia kimio, itakaa tuli. Kwa wachache sana utaiona ikipanda na kushuka, pengine mara 100 hadi 150 kwa dakika, pasipo mwenyewe kutaka na mara nyingi pasipo kujua. Kwa baadhi yao, hata wakishikwa na usingizi, nyama ile haisimami.

Madaktari wa Ulaya walikwishaliona jambo hili katika karne ya 19. Wengine lilianza kuwafikia kwa sikio, maana wapo wagonjwa wanaosikia mlio wa tik-tik sikioni, na anayeketi karibu nao huweza kuusikia pia. Kuliona ni jambo moja, kujua linatoka wapi ni lingine. Jibu lilipatikana hasa katika hospitali ya Salpêtrière, jijini Paris, ambako Jean-Martin Charcot alipewa mwaka 1882 uprofesa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu. Utaratibu wa pale ulihitaji subira kubwa: mgonjwa anachunguzwa kitandani, kila dalili inaandikwa, na akifariki ubongo wake unakatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini.

Kwa njia hiyo Charles Foix na wenzake walionyesha mwaka 1926 kwamba kasoro iko katika shina la ubongo. Miaka mitano baadaye, 1931, Georges Guillain, aliyekikalia kiti cha Charcot tangu 1923, pamoja na Pierre Mollaret, walichapisha habari za wagonjwa wawili. Kaakaa, koromeo, zoloto, macho na hata kiwambo cha kupumulia vilicheza kwa mpigo mmoja. Guillain ni yuleyule ambaye jina lake limo katika ugonjwa wa Guillain-Barré. Majina ya wagonjwa wale hayajulikani kwa wasomaji, ingawa bila wao pasingekuwa na ugunduzi wowote.

Kutokana na kazi hiyo ilichorwa pembetatu ambayo wanafunzi wa udaktari huisoma hadi leo. Kona ya kwanza ni fundo lenye meno, ndani ya ubongo mdogo wa kisogoni. Ya pili ni fundo jekundu, juu katika shina la ubongo. Ya tatu ni zeituni, uvimbe mdogo wa asili ulio chini katika shina hilo, ulioitwa hivyo kwa umbo lake. Mwaka 1970 Jacques Lapresle na Mongi Ben Hamida waliifuatilia kwa makini njia inayotoka kwenye ubongo mdogo hadi kwenye zeituni. Ben Hamida alikuwa Mtunisia, na taasisi ya taifa ya magonjwa ya mfumo wa fahamu jijini Tunis ina jina lake. Inafaa Waafrika tulijue.

Kinachonistaajabisha zaidi ni zeituni yenyewe. Njia hiyo ikikatwa na kiharusi, jeraha, uvimbe au upasuaji, ungetarajia sehemu iliyokosa mawasiliano inyauke. Zeituni huvimba kwanza. Seli zake, kama Rodolfo Llinás na wenzake walivyoonyesha kwa paka mwaka 1974, zimeunganishwa kwa umeme, hivyo huweza kupiga kwa pamoja. Zikikosa wa kuzituliza, mdundo wao husambaa. Haya hayatokei siku ile ile. Huchukua wiki, mara nyingi miezi, wakati mgonjwa amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Leo kipimo cha MRI humwonyesha daktari zeituni hiyo mgonjwa akiwa hai.



Mwaka 1990 Günther Deuschl na wenzake, huko Ujerumani, walitenganisha magonjwa mawili yaliyokuwa yakichanganywa. Mlio wa sikioni hutokea zaidi kwa watu ambao ubongo wao hauna jeraha linaloonekana, na kwa kawaida hunyamaza wakilala. Msuli unaovuta mrija wa sikio ndio unaohusika. Wenye jeraha la shina la ubongo kwa kawaida hawasikii mlio, bali husumbuliwa na macho yanayocheza na mwendo wa kuyumba. Sindano ya botulinamu huweza kuupunguza ule mlio. Kwa macho, gabapentini au memantini huwasaidia baadhi. Dawa ya kuukomesha mtetemo huu wa kaakaa kwa kila mgonjwa haijapatikana.

Kama nyumbani kwenu yupo aliyenusurika kiharusi, na miezi kadhaa baadaye analalamika kwamba vitu vinaruka mbele ya macho yake, au sauti inakatika, msimwambie ni uzee wala msimtafutie mchawi. Mrudisheni kliniki, na mwombeni daktari ayatazame macho yake na ammulike kooni.